Namna ya Kupata Somo la Imani Katika Maisha ya Kila Siku ya Nyumbani

Wazazi wanaomfuata mwalimu wa Shule ya Jumapili nje ya kanisa baada ya ibada huwa na maswali yanayofanana, iwe ni Tukuyu, Mafinga au Makambako. Ibada ya nyumbani inaanzaje? Nitafundisha nini wakati mimi mwenyewe sikupita chuo cha Biblia? Mbona watoto wangu wanasinzia kabla sijamaliza kusoma sura? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maswali hayo, nao unamlenga mzazi, mlezi au bibi anayelea wajukuu, mwenye watoto wa umri wa miaka 4 hadi 14 hivi, ambaye angependa imani yao ikue nyumbani na si kanisani pekee.

Jambo moja lieleweke kabla hatujaanza. Hapa hatuzungumzii ibada ndefu ya kila usiku yenye nyimbo, masomo mawili na mahubiri. Ibada ya namna hiyo ni njema kwa familia inayoiweza, lakini familia nyingi huianza Januari kwa nguvu na kuiacha kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Tunachozungumzia ni kulitambua somo ambalo tayari limo katika siku yenu, katika kuchota maji, kugombana, kuuguza na kula pamoja, kisha kulizungumza kwa dakika chache. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamwagiza mzazi kuyanena maneno ya Mungu nyakati nne: aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Zote nne ni nyakati ambazo familia inaendelea na shughuli zake za kawaida.

VINAVYOHITAJIKA KABLA YA KUANZA

Tafuta Biblia moja ya Kiswahili yenye maandishi ambayo macho yako yanayaona vizuri usiku kwa mwanga wa taa ya sola. Biblia iliyo kwenye simu inafaa, ila uzime data kwanza, kwa sababu ujumbe mmoja ukiingia katikati ya mazungumzo watoto hawatarudi tena kwenye neno lililokuwa linasomwa.

Tafuta daftari dogo la shule na kalamu, na uviweke mahali pamoja ambapo hutahangaika kuvitafuta. Kitabu cha nyimbo cha kanisa lenu kitasaidia, ingawa wimbo mmoja ambao watoto wanaujua kwa kichwa unatosha kwa mwanzo.

Muhimu kuliko vyote ni makubaliano kati ya wazazi wawili, kama wote wawili wapo. Kaeni siku moja bila watoto na mkubaliane mambo mawili tu: kwamba hakuna atakayemkatiza mwenzake anapozungumza na mtoto, na kwamba hakuna atakayegeuza mazungumzo haya kuwa mahali pa kumsema mwenzake. Anayelea peke yake anaweza kuanza leo.

Chuo cha Biblia hakihitajiki, wala sauti nzuri ya kuimba, wala fedha. Timotheo, ambaye Paulo alimwandikia nyaraka mbili, aliipata imani katika nyumba ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5).

HATUA ZENYEWE

1. Chagua wakati mmoja kati ya zile nne.

Usianze na nyakati zote. Tazama namna siku yenu inavyokwenda, na uchague wakati ambao watoto wapo, hawajachoka kupita kiasi, na kazi iliyo mikononi mwako haikulazimishi kuondoka. Katika Makete au Njombe mwezi wa Juni na Julai, asubuhi haifai kabisa: baridi ni kali, maji ya kunawa hayajapata moto, na watoto wanakimbilia shule. Lakini baridi hiyohiyo ndiyo inayowakusanya wote jikoni jioni, na mzazi anayesubiri maharage yaive huku watoto wanaota moto amepata mahali pazuri kuliko sebule yenye makochi. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayefika nyumbani saa mbili usiku atafaa zaidi kuchagua wakati wa kulala, kandokando ya kitanda, hata kama ni kwa dakika tano. Familia inayotembea mwendo mrefu kwenda kanisani Jumapili ina wakati wake tayari njiani, na kwa kweli watoto wengi huzungumza kwa uhuru zaidi wanapotembea kuliko wanapokuwa wameketi wakitazamana na mzazi.

2. Andika tukio moja la siku.

Kila siku, au walau siku tatu kwa juma, andika katika daftari lako tukio moja lililotokea nyumbani. Mistari miwili inatosha. Usiandike andiko bado, wala usiandike funzo. Andika kilichotokea: "Mdogo amekataa kumgawia dada yake parachichi." "Jirani ametuletea mkungu wa ndizi, nasi hatukuwa tumemtembelea alipougua." "Chenji ya dukani imezidi shilingi elfu mbili, mtoto amenyamaza nayo."

Wanaoanza hukosea hapa kwa kungoja jambo kubwa, kama vile ajali au uponyaji, na wakiona siku imepita bila jambo kubwa hudhani hakuna cha kufundisha. Mambo madogo yanafaa zaidi kwa kuwa yanajirudia, na mtoto atapata nafasi ya kuyafanya tena kwa namna tofauti kesho.

3. Jifunze wewe kwanza.

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na mzazi akishaiacha, hatua zote zinazofuata hugeuka kuwa mahubiri ya mkubwa kwa mdogo. Kabla hujamwambia mtoto lolote, jiulize maswali matatu juu ya tukio uliloliandika. Limenionyesha nini kuhusu Mungu? Limenionyesha nini kuhusu mimi mwenyewe? Limenionyesha nini kuhusu mtoto huyu, tofauti na ndugu zake?

Tuchukue mfano mmoja na tutembee nao. Mtoto wa darasa la tatu amevunja chupa ya chai asubuhi. Ameogopa, ameificha nyuma ya kuni, na alipoulizwa mchana amesema hajaiona. Jioni wageni wamefika, mama anatafuta chupa, na anaikuta ilipo. Mzazi wa kawaida ana hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Lakini maswali matatu yanamlazimu kuitazama vizuri. Je, nimekasirika kwa sababu ya uongo, au kwa sababu ya bei ya chupa, au kwa sababu nimeaibika mbele ya wageni? Na mtoto huyu, aliogopa nini hasa? Kama kila kitu kinachovunjika katika nyumba hii hufuatiwa na fimbo kabla ya swali, basi alikuwa na sababu ya kujificha, na sehemu ya somo la leo ni ya mzazi.

Sasa fungua Mwanzo sura ya 3. Adamu na mkewe wamekosa, wamejificha kati ya miti ya bustani, na Mungu anakuja akiita, "Uko wapi?" Anauliza kabla ya kuhukumu. Matokeo ya kosa hayakuondolewa, kwa kuwa walitolewa bustanini, lakini kabla ya kutolewa Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi akawavika (Mwanzo 3:21). Mzazi akiisoma sura hiyo huku chupa iliyovunjika ikiwa mbele yake, ataona mambo mawili yakikaa pamoja: kosa linabaki kuwa kosa na lina gharama yake, na aliyekosa anafuatwa na kufunikwa. Mzazi akishalipokea hilo kwa nafsi yake, hata sauti atakayotumia kwa mtoto itakuwa nyingine.

Tahadhari: usizungumze somo wakati hasira bado iko juu. Maliza kwanza mambo ya wageni, na somo linaweza kusubiri hadi kesho yake. Waefeso 6:4 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, na inawaonya katika sentensi ileile inayowaagiza kuwalea katika adabu.

4. Tafuta andiko moja linalolingana na tukio.

Tafuta moja tu, na usome yaliyo kabla yake na baada yake ili usilipindishe. Wanaoanza hulalamika kwamba hawajui pa kutafuta. Yafuatayo ni matukio ya kawaida katika nyumba za huku kwetu, pamoja na mahali pa kuanzia.

Mahindi yamepandwa Novemba na watoto wanauliza kila siku kama yameota: Marko 4:26-29, ambapo mkulima analala na kuamka, na mbegu inakua yeye asijue jinsi gani. Andiko hili ni la mzazi kuliko la mtoto, hasa mzazi anayetaka kuona tabia ikibadilika kwa juma moja.

Mmewaita vibarua wa kupalilia, mmoja akaja saa nne na mwingine alfajiri: Mathayo 20:1-16. Msikimbilie kusema kwamba mwenye shamba alikuwa na haki. Waacheni watoto walalamike kwanza pamoja na vibarua wa alfajiri, kwa kuwa malalamiko hayo yamo ndani ya mfano wenyewe.

Baba anabebesha miche ya parachichi: Warumi 11:17-18, juu ya tawi lililopandikizwa ambalo halina haki ya kujisifu mbele ya matawi mengine, kwa sababu shina ndilo linalolichukua. Watoto wa Rungwe na Njombe waliowahi kushika kikonyo cha mche na utepe wake wataielewa sura hii upesi kuliko watu wengi wazima wa mjini. Wanaoishi karibu na mashamba ya chai na wameona yanavyokatwa chini wakati wa kupogoa, wasome Yohana 15:1-8.

Viazi vimevunwa na vingine vimesalia ardhini: Mambo ya Walawi 19:9-10, kisha Ruthu sura ya 2. Zungumzeni kuhusu nani anaruhusiwa kuingia shambani kwenu kuokota, na kwa nini wakati mwingine tunawafukuza.

Fedha ndogo imepotea na nyumba nzima imepinduliwa kuitafuta: Luka 15:8-10.

Ndugu wamegombana: Mwanzo 37. Lakini mzazi asome peke yake Mwanzo 25:28, panapoelezwa kwamba Isaka alimpenda Esau na Rebeka alimpenda Yakobo, kisha ajiulize kama katika nyumba yake watoto wanajua ni nani wa baba na ni nani wa mama.

Chakula ni kidogo na wageni wamefika: Yohana 6:1-13, na hasa yule mvulana wa mstari wa 9 mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili.

Kuna msiba: Yohana 11:32-36. Yesu alilia ijapokuwa alikuwa anakwenda kumfufua Lazaro, na hilo linatosha kwa mtoto anayeambiwa na watu wazima anyamaze.

Orodha hii si kamili, na daftari lako litaiongeza.

5. Uliza, kisha unyamaze.

Somo katika Biblia mara nyingi huanza kwa swali la mtoto. Katika Kutoka 12:26 watoto wanauliza maana ya Pasaka. Katika Yoshua 4:6 wanauliza maana ya mawe yaliyotolewa katika Yordani. Mtoto akiuliza mwenyewe, hatua hii imekamilika bila jasho. Asipouliza, uliza wewe swali moja ambalo halina jibu la "ndiyo" au "hapana", na ambalo mtoto hawezi kulijibu kwa kukariri. Swali la "Tumejifunza nini?" halifai, kwa sababu watoto wote wa kanisani wamekwisha kujua jibu lake: kumpenda Mungu na kuwatii wazazi.

Turudi kwenye chupa ya chai. Mama amesoma Mwanzo 3:8-9 na 3:21 pale jikoni, wala hajataja chupa.

"Mwanangu, unadhani Mungu hakujua Adamu alikojificha?"

"Alijua, mama."

"Sasa kwa nini alimwuliza?"

Mtoto anafikiri, anachokonoa moto kwa kijiti. "Labda alitaka aseme mwenyewe."

Hapo mama anyamaze. Kimya hicho ni kigumu kwa mzazi wa Kiafrika aliyezoea kwamba mkubwa ndiye anayesema, lakini ndani yake mtoto anaiona chupa bila kuonyeshwa. Akisema, "Mama, mimi ndiye niliyeivunja," sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Asiposema, mama anaweza kusema kwa upole kwamba aliikuta chupa nyuma ya kuni, na kwamba angependa kusikia ilivyokuwa.

6. Sema yako kwa sentensi tatu, na muombe.

Sentensi ya kwanza ieleze andiko linasema nini. Ya pili ieleze linavyogusa jambo lililotokea. Ya tatu iwe yako mwenyewe kama mzazi. Kwa mfano: "Mungu alimwita Adamu ingawa alijua amekosa. Nami nakuita wewe, kwa sababu uongo unakuweka mbali nasi kuliko chupa inavyotugharimu. Nami nimeona kwamba huwa napiga kelele kabla sijasikiliza, na ninamwomba Mungu anisaidie." Ukizidi hapo, umeanza kuhubiri.

Maombi yawe mafupi, na mtoto aombe kwa maneno yake hata kama ni sentensi moja. Kama bibi yupo na anaomba kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, aombe hivyo. Watoto watashika maneno machache, na watashika pia kwamba Mungu husikia lugha ya bibi.

7. Unganisha somo na tendo.

Mazungumzo yasiyo na tendo huwafundisha watoto kwamba imani ni maneno. Tendo liwe dogo, liwezekane ndani ya siku mbili, na litokane na tukio lenyewe. Chenji iliyozidi irudishwe dukani, na mtoto aende na mzazi wake. Zakayo naye, alipomkaribisha Yesu, alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8). Jirani aliyeleta ndizi atembelewe. Mtoto aliyevunja chupa anaweza kusaidia kuuza mayai ya kuku wake ili achangie sehemu ya bei ya chupa mpya, sehemu ndogo ambayo kweli anaiweza, na mzazi amalizie iliyobaki mbele yake ili aone kwamba gharama yake imebebwa na mwingine pia. Na kama mzazi ndiye aliyekosa, tendo ni kumwomba mtoto msamaha kwa maneno yanayosikika. Baadhi ya wazee wetu huona jambo hili linashusha heshima ya mzazi. Binafsi naona kinyume chake, kwa kuwa mtoto ambaye hajawahi kumsikia baba yake akisema "nisamehe" ataipataje maana ya sala ya Bwana anaposema "utusamehe deni zetu"?

8. Jumapili jioni, rudini kwenye daftari.

Mara moja kwa juma, soma mbele ya watoto matukio yaliyoandikwa, na muulizane ni lipi linaendana na neno lililohubiriwa siku hiyo. Msilazimishe, majuma mengine hakuna. Familia za Kilutheri na za Kikatoliki zina masomo yaliyopangwa kwa kila Jumapili, hivyo zinaweza kuyasoma Jumamosi na kwenda kanisani zikiwa na tukio lao mkononi. Familia za Kimoraviani zina hazina nyingine. Desturi ya kupewa neno moja la Biblia kwa kila siku ilianza katika kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na maneno hayo yamechapwa kitabu cha kila mwaka tangu 1731, miaka 160 kabla wamisionari wa Kimoraviani hawajafika Rungwe mwaka 1891. Desturi hiyo ilianza kwa neno kupelekwa nyumba kwa nyumba, na wanaoitumia leo wanaweza kulisoma neno la siku asubuhi na kuuliza jioni kama kuna mahali walipolikuta.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kulifanya andiko kuwa fimbo. Mtoto anayesikia Kutoka 20:12, "Waheshimu baba yako na mama yako," kila anapochelewa kutoka kuchota maji, atakua akiamini kwamba Biblia iliandikwa na wazazi. Adhabu ikihitajika, itolewe kama adhabu na iishe. Somo lije kwa wakati wake.

Kumwaibisha mtoto mbele ya watu. Tukio linalohusu kukojoa kitandani, kufeli mtihani au kuiba halizungumzwi mbele ya wageni, wala halipelekwi kwenye jumuiya kama ushuhuda. Kuna wazazi wanaofanya hivyo kwa nia njema, na watoto wao hujifunza kuficha zaidi.

Kulinganisha watoto. "Mtazame mwenzako wa kwa mzee wa kanisa" ni sentensi inayofunga masikio.

Kutafuta mwenye hatia katika kila taabu. Mvua ya mawe ikipiga mahindi, au mtoto akiugua ghafla, wapo watakaosema ni adhabu ya Mungu kwa dhambi fulani, na wapo watakaonong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mzazi asimpe mtoto lolote kati ya hayo mawili. Wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, naye akakataa swali lenyewe (Yohana 9:1-3). Na juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4-5). Mtoto mgonjwa apelekwe hospitali, na aombewe njiani.

Kuahidi ambacho Mungu hakuahidi. Usimwambie mtoto kwamba akiomba atakuwa wa kwanza darasani. Mwambie aombe, na asome.

Kumsahau dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za mjini Mbeya na Iringa familia inakaa kuzungumza neno la Mungu huku binti anayewasaidia kazi akiosha vyombo nje. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5:14 inawataja watumishi wa nyumba, ili wapumzike kama bwana wao. Vyombo vitasubiri. Aitwe, aketi, na aulizwe swali kama wengine, kwa kuwa watoto wataamini zaidi mahali alipoketi kuliko andiko lililosomwa.

MAMBO YANAPOKWAMA

Watoto wanasinzia au wanacheza. Kwa kawaida muda ni mrefu mno au wakati umechaguliwa vibaya. Punguza hadi dakika tano, au hamia njiani. Mtoto wa miaka minne anaweza kuendelea kuchezea maganda ya maharage huku anasikiliza, na kesho utashangaa anachokikumbuka.

Baba hashiriki. Kuna nyumba ambazo baba hurudi usiku kutoka kilabuni msimu wa ulanzi, yaani pombe ya mianzi, na mama amebaki na mzigo peke yake. Mama aendelee na watoto bila kumsema baba yao katika maombi kwa sauti, maana hayo ni masengenyo yaliyovikwa maombi. Siku baba anapokuwapo, aombwe jambo moja jepesi: kusimulia alivyolelewa, au kusoma mistari miwili. Wanaume wengi hukaa mbali kwa kuogopa kuulizwa wasichokijua, na kazi ndogo huwarudisha.

Wazazi ni wa makanisa tofauti. Shikeni matukio na maandiko, na muache mabishano ya ubatizo na Sabato kwa wachungaji wenu.

Mzazi hasomi vizuri. Mtoto wa darasa la tano asome, mzazi aulize. Mpango huu kwa kweli unafaa hata kwa wazazi waliosoma.

Kijana wa sekondari ananyamaza au anacheka. Usimlazimishe kujibu mbele ya wadogo zake. Mtafute peke yake mnapofanya kazi ya mikono, mkikata kuni au mkipakia magunia, na umwulize yeye anaonaje, kisha ukubali kwamba anaweza kuona tofauti nawe. Mpe pia daftari aandike matukio kwa juma moja. Vijana wanaona mengi ndani ya nyumba ambayo wazazi hawajui kwamba yanaonekana, kwa hiyo uwe tayari kuyasoma bila kujitetea.

Mtoto yuko bweni. Siku ya kutembelea wanafunzi, kabla ya kumwuliza matokeo ya mtihani, mwulize jambo moja lililomhuzunisha na moja lililomfurahisha tangu mlipoachana, na umsomee andiko fupi kutoka daftari la nyumbani. Zaburi 121 inamfaa mtoto anayeitazama milima ileile akiwa upande mwingine.

Mtoto ameuliza swali usiloliweza. "Kwa nini Mungu hakumponya mdogo wetu?" Usitunge jibu, wala usimwambie kwamba Mungu alihitaji malaika, kwa sababu mtoto ataanza kumwogopa Mungu anayechukua watoto. Mwambie hujui, mwambie nawe umeumia, na msome pamoja Zaburi 13, ambayo inaanza kwa kumwuliza Mungu "hata lini". Kisha mpeleke swali hilo kwa mchungaji, katekista au padre wenu, na uende naye mtoto mwenyewe ili alisikie jibu kwa masikio yake.

Juma zima limepita bila kuandika chochote. Hutokea zaidi wakati wa kupanda na wakati wa mavuno. Msijaribu kufidia siku zilizopita. Andika tukio la leo, na kama hakuna jingine, andika kwamba wote mmechoka, kisha soma Marko 6:31, ambapo Yesu anawaambia wanafunzi wake waende mahali pasipokuwa na watu wakapumzike kidogo, kwa kuwa hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Zimeni taa mlale.